Jeep ya msaada ikifika Tshopo, nani atalipa mazutu?

Kila mkaaji wa Kisangani amekwisha kuona sherehe ya namna hii. Gari nyeupe imesimamishwa mbele ya jengo la ofisi, imeoshwa hata mipira inang'aa, utepe umefungwa kwenye kioo cha mbele. Wakubwa wameketi chini ya hema. Hotuba ni tatu au nne. Mwakilishi wa shirika anatoa funguo, kiongozi anazipokea kwa mikono miwili, kisha wapiga picha wanaomba tendo lirudiwe kwa sababu jua lilikuwa nyuma. Mtu anawasha moto, injini inanguruma, makofi yanapigwa. Jioni picha iko katika kila simu, kuanzia Mangobo hadi Lubunga.

Mwaka mmoja na nusu ukipita, hakuna mpiga picha anayerudi. Angerudi, mara nyingi angekuta moja kati ya mambo mawili. Ama gari iko juu ya matofali nyuma ya hospitali, bila betri, kuku wanataga mayai chini ya kiti cha shofa. Ama inatembea vizuri sana, lakini mjini, na anayeipanda si mgonjwa.

Msaada wa gari si jambo la kudharau. Katika jimbo hili ni jambo la uhai na kifo, na ndiyo sababu inafaa kusemwa waziwazi: jeep inayotolewa bila mazutu, bila piesi, bila mshahara wa shofa na bila daftari la safari ni nusu ya msaada. Na nusu hiyo inaweza kugeuka mzigo mgongoni mwa yule aliyeipokea kwa tabasamu.

Wenye kutia shaka juu ya uzito wa jambo hili wakumbuke Banalia. Tarehe 8 mwezi wa tisa 2021, mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, ile watu wanayoiita meninjiti, ulitangazwa katika wilaya hiyo. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wameanza kuonekana tangu mwezi wa sita. Siku ya kutangaza, hesabu ilikuwa tayari watu 261 walioshukiwa kuugua, na 129 kati yao walikuwa wamekufa. Karibu nusu. Sampuli zilibidi kupelekwa hadi Institut Pasteur ya Paris ili kuthibitisha ni ugonjwa gani. Baadaye waganga, dawa na chanjo vilifika, na watu wakaanza kutibiwa hata nyumbani kwao. Mlipuko ulipokwisha, walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 2,600 walioshukiwa, na vifo 205.

Hesabu hizo zinafaa kusomwa polepole. Kabla ya msaada kufika: wagonjwa 261, vifo 129. Baada ya kufika: wagonjwa zaidi ya 2,300, vifo 76. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kuhesabu vizuri zaidi, kwa maana wagonjwa wenye hali nafuu hawakuandikwa na mtu mwanzoni. Lakini sehemu nyingine ni rahisi kuelewa hata kwa asiyesoma udaktari: dawa ya meninjiti ipo, inajulikana, inaponyesha, sherti imfikie mgonjwa mapema. Na kufika, katika Tshopo, ni kazi kubwa kuliko kutibu.

Banalia yenyewe si mwisho wa dunia. Iko karibu kilomita 130 kaskazini ya Kisangani, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayokwenda Buta. Mwenye kwenda huko na kuendelea mbele anasubiri feri ili kuvuka mto Aruwimi. Ikiwa feri imeharibika, jeep nzuri kuliko zote inasimama ukingoni, taa zimewaka, na mgonjwa anavushwa kwa mtumbwi.

Jimbo la Tshopo lina kilomita za mraba 199,567. Hakuna jimbo lingine la Congo lenye ukubwa huo tangu Province Orientale ya zamani ilipokatwa vipande vinne mwaka 2015. Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja zinaingia humo zaidi ya mara tatu. Wilaya ni saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Lami ni ya kuhesabu kwa vidole, na nje ya mji inakwisha upesi. Mwenye kutaka kwenda Opala au Ubundu kwa barabara anaanza safari kwa kuvuka mto Congo, kwa sababu mtaa wa Lubunga uko ng'ambo ya kushoto na hakuna daraja. Reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, ilijengwa wakati wa wakoloni ili kupita maporomoko ya Wagenia na yanayofuata. Leo treni ikipita, watu wanaihesabu kama tukio.

Katika nchi ya namna hiyo, haishangazi kwamba kila shirika, kila parokia na kila zoni ya afya inaomba jeep. Wanajua hata ni ipi wanayoitaka. Hawaombi gari tu, wanaomba Land Cruiser hardtop, ile ndefu yenye viti vya pembeni nyuma, ambayo Toyota ilianza kuuza namna yake mwaka 1984 na haijabadilisha sana sura tangu hapo. Injini yake inayopendwa na mafundi, ile inayoitwa 1HZ, ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, na haina kompyuta. Pampu ya mazutu ni ya chuma, si ya umeme. Fundi wa Bafwasende mwenye funguo zake na akili yake anaweza kuifungua chini ya muembe na kuifunga tena kabla ya giza.

Neno hilo la kompyuta lina uzito, na wafadhili wengi wa Ulaya hawalifikirii. Kuna ndugu wa diaspora wanaochanga feza huko Ubelgiji au Ufaransa, wananunua ambulansi ya zamani kutoka kwa zimamoto au hospitali, wanaijaza vitanda na magodoro, wanaituma kwa meli. Moyo ni mwema. Lakini dizeli za kisasa za Ulaya zimetengenezwa kwa mazutu safi sana, yasiyo na kiberiti. Bomba lao la moshi lina chujio ambalo linaziba haraka likipewa mazutu ya kawaida ya huku, yale ya pipa na mtungi wa njano yaliyokwisha kuchanganyika na maji na vumbi. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Kompyuta inapunguza nguvu ya injini. Mashine ya kuisoma kompyuta hiyo haipatikani Isangi. Basi ambulansi iliyookoa watu miaka kumi katika mji wa Ulaya inakufa Tshopo kwa sababu ya taa.

Tena ni fupi tumboni na inakaa chini. Kwenye barabara ya Bafwasende, malori yamechimba mifereji miwili ambayo katikati yake kuna mgongo wa udongo unaofika kiunoni. Gari ya mjini inakaa juu ya mgongo huo kama kobe aliyepinduliwa.

Twende sasa kwenye mazutu. Chukua jeep ile nzuri, hardtop, iliyofika salama, yenye karatasi kamili. Barabara ikiwa nzuri inakula lita 12 hadi 15 kwa kilomita 100. Kwenye matope, ikipandisha kwa gia ndogo, inafika 20 na kupita. Kisangani hadi Bafwasende ni kama kilomita 260. Kwenda na kurudi ni karibu lita 100, nusu ya pipa, kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Ikifanya safari mbili kwa wiki, pipa zima limekwisha, na baada ya wiki tano hivi inabidi kubadilisha mafuta ya injini na filta. Juu ya hayo kuna mipira, ambayo mawe na mizizi vinaila, kuna amortisa, kuna springi, kuna bima, kuna mshahara wa shofa na chakula chake akiwa njiani. Kuna barieri pia, ambazo hazimo katika bajeti yoyote lakini kila shofa anazijua moja moja kwa majina.

Bei ya mazutu Kisangani haitulii. Mafuta yanapanda mto kutoka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, au yanapita Uganda na kufika kwa malori kupitia barabara ya Komanda na Nia-Nia. Maji ya mto yakipungua, bei inapanda. Watu wenye silaha wakichoma malori upande wa Mambasa, bei inapanda. Kwa hiyo mwenye kupewa gari bila mazutu amepewa deni ambalo hata ukubwa wake haujulikani, na linabadilika kila mwezi.

Nani analilipa? Hospitali ya wilaya inaishi kwa makuta ya wagonjwa na kwa msaada wa mradi, mradi ukiwepo. Serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo mjini Kinshasa mwezi wa tisa 2023, na iliahidi kuupeleka katika majimbo hatua kwa hatua. Ni jambo jema. Lakini kuzaa bila malipo maana yake ni bila malipo ukiisha kufika kitandani. Mama aliyepatwa na uchungu usiku katika kijiji cha Opala, mtoto amelala vibaya, hana shida ya bei ya upasuaji kwanza. Ana shida ya kilomita. Na katika hospitali nyingi, ikiwa jeep ipo na inatembea, ndugu wa mgonjwa ndio wanaoambiwa walete mazutu. Wanauza mbuzi, wanauza pikipiki, wanakopa kwa mfanyabiashara wa kijiji. Wasipopata, anabebwa kwa tipoyi, wanaume wanne wakibadilishana, kama katika wakati wa babu zao. Gari ya msaada imesimama pale pale, na maandishi ya mfadhili mlangoni.

Hapo ndipo shirika linalotoa linapojitetea: sisi tumetoa gari, mengine ni kazi ya serikali. Na serikali inajibu: sisi tumepokea gari, mafuta ni kazi ya mradi. Kila mmoja ana haki kidogo, na mgonjwa hana kitu.

Si kwamba njia nyingine haijulikani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwingereza mmoja mwandishi wa habari, Barry Coleman, na mshindani wa mbio za pikipiki kutoka Marekani, Randy Mamola, walikwenda Somalia kuona misaada ya watoto inavyotumika. Walikuta magari na pikipiki za msaada zimetupwa, nyingine zikiwa karibu mpya, zimekufa kwa kukosa filta au mnyororo. Kutokana na hapo, Coleman na mke wake Andrea, pamoja na Mamola, walijenga shirika la Riders for Health. Wazo lao lilikuwa rahisi hata linaonekana la kitoto: usihesabu bei ya gari, hesabu bei ya kilomita moja. Ndani ya kilomita hiyo weka mafuta, mipira, piesi, shofa, na akiba ya kununua gari nyingine hii ikizeeka. Kisha piesi zibadilishwe kabla ya kuharibika, siyo baada. Huko Gambia, kuanzia mwaka 2009, walikubaliana na wizara ya afya jambo la namna hiyo: wizara hailetewi gari la kupiga nalo picha, inalipa kwa kilomita iliyotembezwa, na shirika ndilo linalobeba kazi ya kuhakikisha gari inatembea.

Kanisa nalo lina historia katika jambo hili, na wakristo wa Tshopo wanaoona jeep za misioni wanaweza kuijua. Mwaka 1925 padri mmoja Mjerumani, Otto Fuhrmann, alikufa kaskazini ya nchi ambayo leo inaitwa Namibia. Aliugua mbali na hospitali, na hakuna chombo kilichoweza kumfikisha kwa wakati. Rafiki yake, padri Paul Schulte, aliyekuwa rubani wakati wa vita vya kwanza vya dunia, alianzisha mwaka 1927 chama cha kununulia wamisionari magari, mitumbwi ya mota na hata ndege. Ndicho kinachoitwa MIVA. Tawi la Austria lilianza mwaka 1949, na hadi leo linaomba mchango wa namna ya pekee: kila mwezi wa saba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, wenye magari wanaombwa kutoa kiasi kidogo sana kwa kila kilomita waliyotembea mwaka mzima bila ajali. Kwa feza hizo magari yananunuliwa kwa ajili ya nchi nyingi, na majimbo ya kanisa ya Congo ni kati ya yanayosaidiwa. Dereva wa Salzburg anahesabu kilomita zake ili kutoa. Ingekuwa haki anayepokea naye ahesabu zake.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo halipendi kusemwa kwenye sherehe: nani anakaa ndani. Jeep katika Congo si chombo cha kazi tu, ni cheo. Magari aina ya Hyundai Palisade yaliyogawiwa wabunge wa taifa yalizua ubishi nchi nzima, na wananchi wengi waliuliza kwa nini mwakilishi wao anapata jeep kabla ya hospitali yao kupata. Ubishi ule ulikuwa wa haki, lakini ulikuwa juu ya magari ya wakubwa wa Kinshasa. Ugonjwa wenyewe uko hata chini. Gari ya zoni ya afya inaonekana kwenye harusi. Gari ya watoto yatima inaonekana mbele ya baa siku ya jumamosi. Daktari mkuu wa zoni, hata akiwa mtu mwaminifu, anafanyaje kiongozi wa wilaya akimtumia mtu asubuhi kuomba gari "kwa saa mbili tu"? Akikataa, ana adui. Akikubali, gari inarudi keshokutwa, tanki tupu.

Wenye umri wanakumbuka pia kwamba kuna wakati gari ya msaada haikuombwa, ilichukuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1997, kabla ya Kisangani kuanguka mikononi mwa AFDL tarehe 15 mwezi wa tatu, askari wa Mobutu waliokuwa wakikimbia walijisaidia kwa magari ya misioni na ya mashirika. Siku hizi katika sehemu ambazo Mbole na Lengola wanapigana tangu 2023 kwa ajili ya ardhi, upande wa Lubunga na Ubundu, shofa wa shirika anafikiri mara mbili kabla ya kuingia. Maandishi ya mlangoni hayatoshi kuwa ngao. Kinacholinda gari ni wakaaji kujua kwamba gari hiyo ni yao, kwamba jana ilimpeleka mama fulani na leo itampeleka mwingine. Gari wanayoiona imebeba wakubwa na makreti ya bia haina mtu wa kuitetea.

Kwa hiyo daftari la safari si karatasi ya wazungu. Ni ulinzi. Tarehe, saa, kutoka wapi, kwenda wapi, kilomita ngapi, lita ngapi, nani alibebwa na kwa sababu gani, bila kuandika jina la mgonjwa. Ukurasa wa kila mwezi ubandikwe kwenye ukuta wa hospitali, pale watu wanapongojea. Wanaojua kusoma watawasomea wengine. Siku ambayo gari ilikuwa kwenye mazishi ya mjomba wa mkubwa, itaonekana, na itasemwa sokoni. Hakuna mkaguzi wa Kinshasa mwenye nguvu kama soko.

Karatasi nyingine ni ya mali. Nani ni mwenye gari? Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, inayohusu mashirika yasiyotafuta faida, inafungua mlango wa kuomba kusamehewa ushuru kwa vifaa vya kazi yao. Lakini mlango huo ni mrefu na una vizingiti vingi, na mwenye kuanza kuomba gari ikiwa tayari iko kwenye forodha amechelewa. Siku zinapita, bei ya kuegesha inapanda, na mwisho wa yote shirika dogo la Kisangani linakuta linadaiwa feza nyingi kuliko bei ya gari. Mfadhili mwema anauliza kwanza: usukani uko upande gani, umri wa gari ni miaka mingapi, carte rose itaandikwa kwa jina la nani? Ikibaki kwa jina la mradi, siku mradi unafungwa gari inapigwa mnada, na mara nyingi anayeinunua ni mtu aliyekuwa ndani ya mradi. Ikiandikwa kwa jina la mtu mmoja, hata kama ni padri, mchungaji au daktari, akihamishwa au akifa ndugu zake watakuja na madai yao.

Kuna swali lingine ambalo watoaji hawapendi kujiuliza: je, ni jeep inayohitajika? Isangi iko pale mto Lomami unapoingia katika mto Congo. Basoko iko pale Aruwimi inapoingia. Vijiji vingi vya wilaya hizo vinatazama maji, havitazami barabara. Kule mtumbwi mkubwa wenye mota na kijana anayejua mchanga ulipo unaokoa watu wengi kuliko Land Cruiser, na bei yake ni ndogo sana. Ndani ya msitu, ambako njia ni ya futi mbili na daraja ni gogo, ni pikipiki. Mwaka 2017, Ebola ilipotokea Likati katika Bas-Uélé, jirani na Tshopo upande wa kaskazini, waganga walifika kwa helikopta na kwa pikipiki. Mlipuko ulitangazwa mwezi wa tano, na mwanzoni mwa mwezi wa saba ulikuwa umekwisha, wagonjwa wakiwa 8 na vifo 4. Hakuna aliyesubiri jeep.

Pikipiki za kazi zenye machela ya pembeni au ya kukokota zipo, na kijana wa Kisangani aliyekulia kwenye toleka hahitaji kufundishwa sana ili kuitunza. Bei ya jeep moja mpya inanunua pikipiki nyingi, na ikibaki feza, inanunua mafuta yao. Tatizo ni kwamba pikipiki haipendezi kwenye picha. Utepe haukai vizuri juu yake.

Na ikiwa mfadhili ana gari tayari, ya kifahari, isiyofaa kwa matope? Auze. Hakuna aibu. Marekani, watu wengi wanaotoa gari zao kwa mashirika wanajua kwamba gari haitaenda kokote: shirika linaipeleka mnadani na kutumia feza. Tangu 2005 hata kodi yao inahesabiwa namna hiyo, mara nyingi kwa bei ambayo gari ilipata sokoni, siyo kwa bei ambayo mwenyewe anaota. Mfanyabiashara wa Makiso mwenye jeep ya pili ambayo haitumii, anayetaka kusaidia kituo cha watoto au hospitali ya kijijini kwao, anaweza kufanya hesabu hiyo hiyo nyumbani kwake. Gari yenye viti vya ngozi ibaki mjini kwa atakayeinunua. Feza ziende kijijini zikiwa mota ya mtumbwi, pikipiki mbili, au mazutu ya mwaka mzima kwa gari ambayo hospitali inayo tayari lakini haitembei.

Hilo la mwisho ndilo lingesaidia haraka kuliko yote. Nyuma ya hospitali na ofisi za jimbo hili kuna magari ya msaada yaliyolala ambayo yanahitaji pampu, springi, mipira minne. Kuyafufua hakuhitaji meli wala forodha. Kunahitaji fundi, piesi za kweli, siyo zile za bandia zinazouzwa katika boksi zuri, na mtu wa kulipa. Lakini hakuna mfadhili anayekata utepe kwa ajili ya springi.

Viongozi wa Tshopo wana uwezo wa kubadilisha desturi hii bila kungojea mtu. Siku shirika linakuja na barua ya kutangaza msaada wa gari, divisheni ya afya ya jimbo inaweza kujibu kwa barua yenye maswali: mazutu ya miaka mitatu ya kwanza yatalipwa na nani, piesi zitatoka wapi, shofa ni wa nani, carte rose ni ya nani, na daftari litasomwa wapi. Shirika lisilo na jibu lingoje mpaka lipate. Wengine wataogopa kwamba mfadhili atakasirika na kwenda jimbo lingine. Atakayekasirika kwa sababu ameulizwa nani atalipa mazutu alikuwa anatafuta picha.

Kwa upande wake jimbo nalo lina sehemu ya kulipa. Kikao cha bajeti cha bunge la jimbo kinafunguliwa kila mwaka tarehe 30 mwezi wa tisa, mvua zikiwa zimeshika kasi na barabara ya Opala ikiwa katika hali yake mbaya. Wabunge wa jimbo wengi wamezaliwa katika wilaya hizo saba, na kila mmoja anajua gari iliyolala kwao, iko nyuma ya jengo gani, na imelala tangu lini. Wanaweza kuanza kwa kuleta orodha.